Usukani wa Bwana Mnyororo

Nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na cheti cha shule ya jioni chenye mihuri miwili, niliamini kabisa kwamba serikali ya Mwingereza inakwenda kuigeuza barabara ya Kilwa. Sisemi kuitengeneza. Kuigeuza. Ijumaa moja, watu wakishatoka msikitini, askari atapuliza filimbi pale Mtoni, na kila aendaye upande wa kushoto atavuka ahamie kulia: malori, baiskeli, punda wa chokaa, hata kina mama wenye madebe ya maji kichwani. Atakayechelewa kuvuka atalala ndani.

Msinicheke bado, vijana. Ngojeni tufike mbele, mtacheka vizuri zaidi.

Habari ile aliileta Mwinjuma, kinyozi aliyekuwa na kiti chake mbele ya gereji yetu. Wembe wa mtu ukiwa shingoni mwako utaamini chochote atakachosema, na mimi nilikuwa nanyolewa kila wiki. Lakini safari hii Mwinjuma alikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa umeegeshwa ndani ya gereji yetu, chini ya turubai.

Lilikuwa gari la mbio, la viti viwili, halina paa, rangi ya kijani kibichi. Kampuni iliyoliunda siitaji, kwa sababu wao walilitengeneza vizuri na aliyeliharibu ni mimi. Limesimama tu, unadhani linakwenda maili sitini. Mwenyewe alikuwa Mzungu wa kupima barabara. Vibarua wake walikuwa wakiburuta mnyororo wa chuma wa kupimia tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo Temeke nzima tulimwita Bwana Mnyororo, na nadhani hata barua zake zingefika kwa jina hilo. Alikuja na mkewe, akasema amehamishiwa Mbeya, na kabla hajaondoka anataka usukani uhamishwe kutoka kulia kwenda kushoto.

Sasa fikirini wenyewe. Nchi nzima tunaendesha upande wa kushoto, usukani uko kulia, kama ilivyo mpaka leo. Anakuja mtu mmoja tu anayetaka kinyume, na mtu huyo ndiye anayezichora barabara!

"Umeona sasa?" Mwinjuma aliniambia huku akinipaka sabuni kisogoni. "Yeye kashaambiwa. Sie tutaambiwa na filimbi."

Nikaamini. Nikaanza mazoezi ya kutembea upande wa kulia ili Ijumaa hiyo isinikute mshamba. Siku ya pili nikagongana na baiskeli yenye nazi mia mbili. Sawa, pengine zilikuwa thelathini, lakini zilivyokuwa zikinidondokea nilihesabu mia mbili. Mwenye baiskeli akaniuliza, "We kaka, una wazimu au umelewa?" Nikamjibu kwa huruma, "Utanikumbuka, ndugu yangu." Nilimwona yule bwana hajasoma.

Fundi mkuu wetu alikuwa Mzee Pazi, na hapa nataka mniachie niseme polepole kidogo.

Mzee Pazi ndiye aliyenifundisha kazi. Saa kumi na moja ikigonga alininyang'anya spana mkononi na kuniambia, "Nenda shule, Msomi. Kesho uje unisomee hayo maandishi ya kwenye makopo." Hakuwa akijua kusoma. Vipimo vyake vyote vilikuwa kwenye kamba nyeusi yenye mafundo aliyoifunga kiunoni: fundo hili ni urefu wa pedali, fundo hili ni upana wa kiti, hili la shingo ya usukani. Mie na cheti changu nilileta futi ya chuma kutoka dukani. Tulipopima kitu kimoja kwa pamoja, nikakosea mimi.

Lakini mwaka ule macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, na hilo nililijua mimi peke yangu. "Naona kama mtu aliye ndani ya chandarua," aliniambia siku moja, akicheka, lakini mkono wake ulikuwa umenishika begani kwa nguvu. Mwezi uliotangulia alikuwa ameacha nati moja ya gurudumu la lori bila kukazwa. Lori halikuanguka, ila mwenye gereji alipata habari. Huyo alikuwa Singasinga mmoja mwenye kilemba cheupe na mdomo wa haraka, nasi tulimwita Bwana Singa.

Akamwita mzee mbele yetu sote. "Mzee Pazi, gari hii ya Mzungu ikitoka safi, kazi endelea. Ikirudi na kosa moja, basi, wewe pumzika nyumbani."

Mzee akajibu, "Nimesikia, bwana." Akarudi kwenye meza ya kazi, akaanza kufuta spana ambayo ilikuwa safi.

Mkewe alikuwa amekwishafariki na watoto wake walikuwa Rufiji. Nyumbani alikuwa na kitanda na birika. Kila kitu kingine chake kilikuwa mle gereji, na hata kuku wake walikuwa wakitagia kwenye tairi la akiba. Nikaapa moyoni kwamba gari lile halitarudi.

Siku hizi nawaona mnavyofanya. Mnang'oa dashibodi, mnarusha waya huku na huku, mkimaliza mnabaki na nati saba mkononi mnaulizana ni za wapi. Sie tulikuwa na makopo ya maziwa. Kila bolti tuliyoifungua iliingia kopo lake, na kopo lilifunikwa kwa kitambaa cha rangi: buluu ya usukani, nyekundu ya breki, nyeupe ya taa. Mzee Pazi hakuweza tena kuona rangi vizuri, kwa hiyo mimi nilikuwa nafunga fundo moja kwa usukani, mawili kwa breki, matatu kwa taa. Bwana Singa alidhani ni urembo.

Boksi la usukani lilikuja kwa meli, limeundwa kwa upande wa kushoto, limejaa grisi. Mtakaopewa kazi kama hii kumbukeni jambo hili: msichukue boksi la upande wa kulia mkaligeuza juu chini mkadhani mmeokoa muda. Litakaa vizuri, litapendeza, na mtakapokata kulia gari litakwenda kushoto. Mzee Pazi alinieleza hayo akiwa na uso mkavu kabisa, halafu akanionyesha kovu la ukuta wa gereji, nyuma ya pipa la maji. Sikuuliza ni nani aliyeugonga. Tangu hapo sijawahi kushusha gari kutoka kwenye jeki kabla sijakata usukani pande zote mbili na kuyatazama matairi kwa macho yangu.

Kutoboa bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva kulituchukua siku mbili. Mzee alipapasa kwa kiganja, akapima kwa kamba, akaweka kidole. "Hapa." Mimi nikatia alama ya chaki, nikatoboa. Tundu likakaa sawa kama bati limezaliwa nalo. Mtu asiyejua angedhani mie ndiye fundi na yeye ananishikia tu taa.

Mara nyingi nilitaka kumuuliza Bwana Mnyororo sababu. Mzee alinikataza. "Mteja akisema hamisha, muulize anataka lini. Hiyo 'kwa nini' ni yake mwenyewe na mkewe." Basi nikanyamaza, nikabaki na Ijumaa yangu.

Halafu Mzee Pazi akapata msiba Kisarawe, akaondoka siku tatu. Akaniachia pedali. "Zihamishe tu," alisema. "Usizifanyie elimu."

Nikazifanyia elimu.

Nilikaa nikafikiri kama mtu mwenye mihuri miwili. Nchi inageuka. Barabara inageuka. Usukani tayari umegeuka. Basi pedali nazo zigeuke! Nikachukua kioo cha Mwinjuma cha kunyolea, nikakisimamisha pembeni ya pedali za zamani, nikachora nilichokiona ndani yake. Kwenye kioo mafuta yalikuwa kushoto, breki katikati, klachi kulia. Nikakata vyuma upya, nikachomea, nikapaka rangi. Taa za mbele nazo nikazielekeza upande mwingine, ziwe tayari kwa Ijumaa. Kazi ilikuwa nzuri, jamani! Kuchomea kule mpaka leo sijakuona tena. Kama kuna mtihani wa kuchomea mbinguni, nitapeleka zile pedali.

Mzee aliporudi kutoka msibani hakupita hata nyumbani. Nikampokea mfuko.

"Shikamoo, mzee. Pole na msiba."

"Marahaba. Nishapoa. Zimekaa?"

"Zimekaa mpaka zinaimba."

Akaingia kwenye gari, akashika usukani upande wake mpya, akafumba macho kabisa. Akateremsha miguu taratibu, kama mtu anayejaribu maji. Nikamwona uso unabadilika.

"Msomi."

"Naam, mzee."

"Mguu wangu wa kushoto umekanyaga nini?"

"Mafuta, mzee."

"Na wa kulia?"

"Klachi."

Akaiondoa miguu yote miwili. Nje Mwinjuma alikuwa akimnyoa mtu na kuzungumza, wembe ukikwaruza.

"Nani kakutuma?"

Nikamweleza yote: Ijumaa, filimbi, barabara, kioo. Nikaeleza kwa mpangilio mzuri sana, kama nilivyofundishwa shuleni, jambo la kwanza, la pili, la tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na sijui kama nimewahi kuheshimiwa zaidi ya siku ile.

"Ya barabara siyajui," akasema. "Mimi si serikali. Lakini hebu niambie, baba. Filimbi ikipulizwa, mguu wangu wa kulia utatoka huku uende kule?"

"Hapana, mzee."

"Mkono ndio unaohama. Gia ilikuwa inashikwa kwa kushoto, sasa itashikwa kwa kulia, dereva atazoea. Mguu ukiambiwa simama unakanyaga palepale ulipokanyaga jana, hauna muda wa kufikiri. Huyu bwana atakuta ng'ombe barabarani, mguu wake wa kushoto utakanyaga mafuta kwa nguvu zake zote ukidhani ni klachi, na gari litaruka mbele. Yuko na mkewe pembeni."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya mafuta na kaptura yangu safi. Ingekuwa kosa moja, na tungeshazika watu wawili, na mzee angekwenda nyumbani kwenye birika lake kwa kosa ambalo si lake.

Akanishika kichwani. "Nyanyuka. Kuchomea ni kuzuri. Kata tena."

Tulikuwa na siku tatu kabla Bwana Mnyororo hajaja kuchukua gari. Tukakata tena. Taa nikazirudisha mwenyewe bila kuambiwa, maana aibu nayo ni mwalimu mkali. Kila pedali ilipokaa, mzee aliingia akafumba macho, akakanyaga, akatoka, akasema, "Nusu fundo nyuma," nami nikairudisha nusu fundo nyuma.

Gereji yetu ilikuwa na desturi moja ambayo ninyi mmeiacha, na ningewaomba muirudishe. Gari likikamilika, fundi mkuu mwenyewe hulitoa getini mteja akiona, hulipeleka mpaka kwenye jiwe la maili na kulirudisha. Kama huthubutu kuikalia kazi yako, usimkalishe mwenzako. Desturi nzuri sana, ila kwa mtu aliye ndani ya chandarua ilikuwa balaa.

Tulipanga hivi. Gari lenye usukani kushoto, kwenye barabara zetu, dereva haoni mbele akiwa nyuma ya lori. Lazima anayekaa kulia amwambie pita au ngoja. Kwa hiyo nikikaa kulia nikawa nasema barabara yote, baiskeli ile, shimo hili, hakuna atakayeshangaa. Tulijizoeza uani kwa kuzunguka pipa. Mzee vivuli aliviona, ukubwa wa vitu aliuona, kilichompotea ni umbali. Sauti yangu ndiyo ingekuwa umbali.

Jumamosi ikafika. Bwana Singa amesimama na kilemba kipya. Bwana Mnyororo anavuta kiko, ametabasamu kama mtoto aliyeletewa kanzu ya sikukuu. Mzee Pazi ameketi kwenye usukani, amenyoosha mgongo. Nami nikazunguka kwenda kufungua mlango wa kulia.

Mkono mwembamba ukanitangulia.

"Hapana, fundi," mke wa Bwana Mnyororo akasema. Alikuwa na Kiswahili kizuri cha Tanga, alifundisha huko miaka mingi. "Hiki ni kiti changu. Nitakikalia mpaka Mbeya, acha nikijaribu leo."

"Memsabu, desturi yetu..."

"Desturi inasema fundi mkuu. Mkuu ni wewe?"

Bwana Singa akacheka. Mimi nikamtazama mzee. Alikuwa akitazama mbele, kwenye mwanga mtupu, mikono yake imeshika usukani. Angeweza kushuka. Angeweza kusema tumbo linauma. Akawasha.

Gari likatoka getini. Nasema kweli, kutoka pale mpaka kwenye jiwe la maili hapafiki nusu maili, na mie nilizeeka miaka kumi na minne. Lori la makuti likaja kwa mbele. Gari la kijani likapunguza mwendo, likasogea pembeni polepole, likapisha. Baiskeli ikakatiza, gari likasimama kabisa, likangoja, likaondoka. Nilidhani ni bahati. Halafu, likiwa linarudi karibu na geti, upepo ukageuka nikasikia sauti ya yule mama, haipigi kelele, inasema tu kama mtu anayesoma barua kwa mwenzake: "Kushoto kidogo, mzee. Hapo. Kuna mbuzi wawili, bado mbali. Sasa twende."

Kumbe alikuwa akijua. Alijua tangu siku ya kwanza, alipomwona mzee anapapasa boneti kabla ya kuifungua, alinieleza baadaye.

Walirudi, wakaingia getini bila kugusa nguzo. Mzee akazima injini, akabaki ameketi. Bwana Singa akaanza kupiga makofi. Mzee akainua mkono kumzuia.

"Bwana, gari halina kosa. Lakini mimi ndiyo nina kosa. Sioni. Aliyeendesha ni memsabu kwa mdomo wake."

Hata Mwinjuma akaacha kunyoa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikaona nikinyamaza nitakuwa mtu wa ovyo maisha yangu yote. Nikatoka mbele. "Bwana, na mimi niliweka pedali kinyume. Mafuta kushoto. Mzee ndiye aliyegundua."

Bwana Singa akageuka taratibu. "Aligundua kwa macho gani?"

"Hakugundua kwa macho, bwana. Kwa mguu."

Akanitazama, akamtazama mzee, akatazama pedali, akavuta ndevu zake kwa muda mrefu. Mwisho akapiga teke tairi lililokuwa na mayai ya kuku, akajuta, akainama kuyaangalia.

"Basi," akasema akiwa bado ameinama, "mguu wake uendelee kuja kazini. Wewe utakaza nati, yeye atakanyaga. Gari lolote lisipopita mguu wa Mzee Pazi halitoki."

Na ikawa hivyo miaka sita mizima. Wateja walitoka mpaka Kinondoni kuja kukanyagiwa breki. Wengi wenu mnaojiita mafundi wazuri mmefundishwa na watu waliofundishwa na mguu ule.

Mzee akashuka. Nikampa mkono, akaukataa, akashika gari lenyewe, akalizunguka lote kwa kiganja kama anaaga. Bwana Mnyororo alikuwa amekwenda upande wa pili kukaa kwenye usukani wake mpya, anakanyaga na kuachia, anafurahi. Mke wake alikuwa akifunga kitambaa kichwani kwa ajili ya upepo. Nikaona nafasi ndiyo hii, mzee hayuko karibu kunikataza.

"Memsabu, samahani. Tuko tayari sisi, tumejiandaa. Mimi hata kutembea nishajizoeza. Ni Ijumaa ipi?"

"Ijumaa ipi ya nini?"

"Ya barabara kuhamia kulia."

Hakucheka. Mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alinitazama kwanza aone kama natania, akaona sitanii, akamaliza kufunga fundo la kitambaa chake.

"Barabara haihami, fundi. Mume wangu aliumizwa na baruti ya kupasulia mawe, sikio la kushoto halisikii kabisa. Kwenye gari mimi nilikuwa nakaa kushoto. Mbeya ni mbali, na tunapenda kuzungumza."